Taarabu usiku bila kumwamsha jirani: Kagua tundu la hedifoni kabla ya kununua priamplifaya

Wapwani tunaoishi Nairobi tuna shida moja isiyosemwa sana. Kule Mombasa ukimfungulia Juma Bhalo saa tatu usiku, huenda jirani akakuomba uongeze sauti. Hapa Riruta ninapoishi, nyumba za kupanga zimebanana, ukuta ni mmoja, na upande wa pili kuna mtoto mchanga na mtu anayedamkia kazini. Kanuni za kelele za mwaka 2009 nazo hubana zaidi usiku kuliko mchana. Kwa hivyo kwa sisi wapenzi wa udi na ganuni, hedifoni si anasa. Ndiyo njia ya kusikiliza bila kuvunja ujirani.

Wasomaji kadhaa wameniuliza wanunue priamplifaya gani yenye tundu zuri la hedifoni. Sitataja chapa. Nitaeleza mambo ya kukagua, kwa sababu chapa hubadilika lakini umeme haubadiliki.

Kwanza, kazi ya chombo chenyewe. Priamplifaya hukaa kati ya kinachocheza muziki na amplifaya kubwa inayosukuma spika. Huchagua chanzo cha sauti na kuongoza ukubwa wake. Mashine ya CD hutoa takriban volti 2, lakini sindano ya kawaida ya santuri hutoa takriban milivolti 5 tu. Kama umenunua santuri za zamani kule Kenyatta Market, hakikisha priamplifaya ina tundu maalumu la santuri. Bila hilo utasikia sauti hafifu isiyo na besi.

Sasa tuje kwenye hedifoni. Watengenezaji wengi huweka tundu hilo ili kujaza nafasi tu. La kwanza la kuuliza ni ukinzani wa tundu, yaani kiasi ambacho tundu lenyewe huzuia umeme, unaopimwa kwa omu. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kuwa usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inahitaji tundu lisilozidi omu 4. Amplifaya nyingi za zamani hupitisha sauti ya spika kwenye vizuizi vya omu mia moja na zaidi kabla ya kufika tunduni. Hapo hedifoni nyingi za omu ndogo huvimba besi, ngoma ikafunika udi, na maneno ya mwimbaji yakapotea. Katika taarabu, maneno yakipotea umebaki na nini?

La pili ni nguvu. Karatasi ya chombo ikisema wati 1, uliza ni kwa omu ngapi. Chombo kinachotoa wati 1 kwa hedifoni ya omu 32, kwa volti zile zile hutoa takriban miliwati 107 tu kwa hedifoni ya omu 300, kama Sennheiser HD 600. Hizo bado zinatosha sana. Lakini chombo chenye miliwati 50 kwa omu 32 kitabaki na takriban miliwati 5 kwa omu 300, na muziki uliorekodiwa kwa sauti ya chini utakosa uhai. Basi jua omu za hedifoni yako kabla ya kutoka nyumbani.

La tatu ni utulivu. Usiku tunasikiliza kwa sauti ndogo, na hapo ndipo kasoro hujitokeza. Chomeka hedifoni yako mwenyewe dukani bila kucheza muziki, uzungushe sauti polepole. Ukisikia mvumo au mchakato kama wa mafuta ya kukaangia, kiache. Kisha cheza wimbo kwa sauti ya chini kabisa. Sikio moja likisikia zaidi ya jingine, kizungusho ni duni. Angalia pia kama spika hunyamaza unapochomeka hedifoni. Zisiponyamaza, na hakuna swichi ya kuzizima, jirani bado ataamka.

La nne ni umeme wa ukutani. Kenya tunatumia volti 240. Mtumba kutoka Japani huwa wa volti 100, na wa Marekani volti 120. Soma kibandiko cha nyuma. Kama hakuna swichi ya kubadilisha volti, utahitaji transfoma, na bei yake iingie kwenye hesabu.

Chombo kizuri kina hatari yake pia: kwa sababu sauti haikwaruzi, mtu huongeza bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima.

Ushauri wangu ni huu. Ukipata priamplifaya unayoipenda lakini tundu lake limeshindwa majaribio haya, usiiache. Inunue kwa ajili ya spika, kisha utafute amplifaya ndogo ya hedifoni kando. Mara nyingi njia hiyo ni nafuu kuliko kusaka chombo kimoja kinachoweza yote. Na muuzaji akikukataza kujaribu kwa hedifoni yako, mwage kwa heri uingie duka la pili. Barabara ya Luthuli ina maduka tele.