Miaka mitatu, homuweki kurasa mbili!

Mwenzenu nilikuwa natamba mtaa mzima. Mwanangu ana miaka mitatu tu, nimempeleka chekechea ya Kiingereza, soksi nyeupe, begi kubwa kuliko yeye! Jirani akiuliza, najibu kwa madaha: "Anaandika A mpaka F."

Wiki ya tatu mtoto akaanza kukojoa kitandani. Asubuhi akiliona lile begi anakimbilia nyuma ya kabati. Kumkagua, vidole vimevimba. Kumbe kapigwa rula, eti herufi zinapanda juu ya mstari. Jamani, nilichoka!

Nikamfuata dada yangu, mwalimu wa awali tangu enzi hizo. Badala ya kunipa pole akanigeuzia kibao.

"We mdogo wangu, mtoto kifungo cha shati hajui kufunga, unampa penseli ya nini? Misuli ya vidole bado laini. Hata serikali kwenye sera ya 2014 ilitaka angalau mwaka mmoja wa awali kabla ya la kwanza. Wewe haraka yako ya wapi?"

Nikamuuliza, sasa akae tu? Akacheka. Akanituma nilete visoda kwa muuza soda. Mwanangu akavitenga, vyekundu huku, vya kijani kule, bila kuambiwa. "Hiyo hesabu," dada akasema. Akimtuma vijiko vinne, hesabu. Akichambua maharage au kufinyanga udongo, vidole vinakomaa, penseli ataishika mwenyewe. Na hadithi kila usiku, ukifika katikati unanyamaza, unamuuliza, "Halafu ikawaje?" Mtoto wa kujibiwa "nyamaza" kutwa nzima maneno atayatoa wapi? (Hapo nilijiona mimi na runinga yangu.)

Nikamhamisha. Chekechea mpya haina hata bango la maana, watoto wanacheza ukuti ukuti chini ya mwembe, wanamwagiana mchanga na maji kwenye makopo. Mashoga wamenisema, eti nimefulia. Shauri yao. Kitanda kikavu mwezi wa pili huu, na saa moja asubuhi yeye ndiye ananivuta kanga.

Juzi kachukua mkaa, kachora ukuta wa sebuleni kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Nikauliza nini hiki?

"Basi. Linaenda kwa bibi. Wewe umekaa dirishani."

Mwenye nyumba bado hajaliona.