Kompyuta mpya, hesabu za zamani hazifunguki

Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mfanyabiashara anayebadili kompyuta kwa sababu hiyo anaweza kukumbana na hasara ambayo haikuwamo kwenye bajeti yake: mafaili ya hesabu za miaka iliyopita hayafunguki.

Chukua mfano wa muuza vitenge wa jumla wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anayetoa mali kauli kwa wateja wa Mbeya na Mwanza. Majina ya wadeni, tarehe na kiasi kilicholipwa vyote vimo kwenye kompyuta. Faili likigoma, deni lipo lakini ushahidi haupo, na mdeni hana haraka ya kumkumbusha.

Upande wa kodi nao si mwepesi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Asipokuwa nazo, TRA ina uwezo wa kumkadiria, na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makubwa mno unabaki mabegani mwake. Kusema kompyuta ilibadilishwa hakusaidii sana mbele ya mkaguzi.

Chanzo cha tatizo ni kwamba kila programu huandika kwa namna yake. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zilipoenea maofisini katika miaka ya 1990, makarani wa hesabu walizikuta Lotus 1-2-3, dBase na WordPerfect. Baadaye Excel ikashika soko. Toleo lake la 2007 liliacha kufungua mafaili ya Lotus, na IBM, mmiliki wa Lotus wakati huo, ilifunga huduma zake mwaka 2014. Mafaili yenyewe hayakuharibika. Kilichokosekana ni programu ya kuyasoma.

Programu hiyo ipo, na ni ya bure. LibreOffice husoma mafaili mengi ya Lotus, dBase na WordPerfect, kisha huyahifadhi kwa mitindo ya leo. Kwanza tazama herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili: WK1 ni Lotus, DBF ni dBase, WPD ni WordPerfect. Windows kwa kawaida huzificha herufi hizo, hivyo huna budi kuiamuru izionyeshe. (Wengi hukata tamaa hapa hapa, wakidhani faili limeoza.)

Hata hivyo, usifungue faili la asili. Linakili kwanza, ufanyie kazi nakala. Likifunguka, linganisha jumla zake na karatasi yoyote iliyosalia: mizania iliyochapwa, stakabadhi za benki, leja ya mkono. Jina la mteja kuharibika herufi ni jambo dogo. Tarakimu kuhama safu si jambo dogo.

Watumiaji wa Tally, programu ya hesabu kutoka India, wawe waangalifu zaidi. TallyPrime, iliyotoka mwaka 2020, huhamisha hesabu za matoleo ya nyuma, lakini hesabu zikishahamishwa, toleo la zamani linaweza kushindwa kuzisoma. Karani akibonyeza kukubali bila nakala, hakuna pa kurudi.

Walio na hesabu kwenye diski za plastiki za megabaiti 1.44 ndio wenye haraka kuliko wote, kwani joto na unyevunyevu wa Pwani huzila. Kisomeo cha diski hizo kinachochomekwa kwenye tundu la USB kinatosha. Kazi ni kuzinakili zote kwanza, ndipo kutafuta programu ya kuzifungua. Nakala hizo zisikae duka moja na kompyuta. Moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa tarehe 10 Julai 2021 haukubagua daftari wala mashine.

Kwa anayempelekea fundi, yafaa bei ipatanwe kwa hesabu zilizopatikana na kulinganishwa, si kwa faili lililofunguka tu. Fundi apewe nakala, na diski ya asili ibaki kwa mwenye duka. Na kompyuta ya zamani isiuzwe mpaka mizania ya mwaka wa mwisho ionekane kwenye ile mpya.