Vikao vinne vyawapunguzia wanafunzi Kenya sonona

NAIROBI. Mfanyabiashara anayeshinda Namanga au Busia akisikia alama za mwanawe zimeshuka, hudhani ni uvivu. Utafiti uliofanywa Kenya unampa sababu ya kuuliza kwanza hali ya moyo wa mtoto.

Mpango uitwao Shamiri huwakutanisha wanafunzi wa sekondari kwa vikundi, saa moja kila wiki kwa wiki nne. Anayeongoza si daktari, bali kijana aliyemaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Mazungumzo huhusu mambo matatu: kukua kwa juhudi, kushukuru, na yale mwanafunzi anayoyathamini maishani.

Katika jaribio la awali Kibera, lenye wanafunzi 51, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua na alama zikapanda. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, lilionyesha nafuu kubwa kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma pekee.

Kwa nchi jirani zenye wataalamu wachache, faida iko hapo: kiongozi wa kikao hupatikana mtaani. Mzazi aliye safarini aanze kwa kuiuliza shule: mtoto akielemewa, nani humsikiliza?