Jibu Lako Husafiri Mbali

Kati ya mwaka 1991 na 1994, UKIMWI ulipokuwa ukiua wengi, wataalamu walizungukia nyumba zaidi ya 900 za Mkoa wa Kagera. Karagwe ilikuwamo, na Kyerwa ilikuwa bado sehemu yake. Waliuliza habari za wagonjwa, marehemu, mashamba na chakula. Mwaka 2004 na 2010 waliwatafuta watu wale wale, hata waliohamia Uganda.

Zamani majibu hayo yangeliwa na mchwa kabatini. Haya yaliwekwa katika kompyuta, majina yakafichwa, na wataalamu wa nchi nyingi huyasoma kwa intaneti. Ndivyo ilivyojulikana kwamba waliohama kijijini, kwa wastani, walipata nafuu ya maisha kuliko ndugu zao waliobaki.

Basi, baba na mama, akija mwulizaji, mwulizeni kwanza: ametumwa na nani? Majibu yanakwenda wapi? Mkiridhika, semeni kweli. Ukificha mbuzi au kuzidisha mikungu ya ndizi, uwongo huo utasomwa miaka mingi, na mashauri juu ya vijiji vyetu yatajengwa juu yake.