ORS: Maji ya chumvi na sukari yaliyoaminiwa mikononi mwa familia

Mtoto wako ameharisha tangu usiku. Umefika kituo cha afya ukitarajia dripu au dawa ya kukata kuharisha, lakini umepewa pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Walezi wengi hurudi nyumbani wakihisi mtoto hajatibiwa. Ukweli ni kwamba ametibiwa, na sehemu kubwa ya tiba hiyo sasa iko mikononi mwako. Kazi ya daktari mmoja kutoka India inaonyesha kwa nini unaweza kuiamini.

Dripu zilipokaribia kwisha

Dilip Mahalanabis alizaliwa mwaka 1934 na alisomea utabibu wa watoto. Katika miaka ya 1960 alijiunga na kituo cha utafiti mjini Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, akichunguza namna ya kuwatibu wagonjwa wa kipindupindu kwa maji ya kunywa. Watafiti wengine, wakiwemo David Nalin na Richard Cash waliokuwa Dhaka, walikuwa wameonyesha kuwa njia hiyo inafanya kazi. Hata hivyo, madaktari wengi waliona ni hatari kuitumia bila uangalizi wa karibu wa wataalamu.

Mwaka 1971 vita vilizuka katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Mahalanabis alipelekwa Bangaon, mji ulio karibu na mpaka. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi sakafuni, na dripu zilikuwa zinakaribia kwisha.

Ndipo akaamua kutumia alichojifunza kwenye utafiti. Timu yake ilipima glukosi, chumvi ya mezani na bikaboneti, ikavifunga kwenye mifuko ya plastiki na kuvipeleka kambini. Huko vilichanganywa na maji kwenye mapipa. Wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo ndugu wa wagonjwa, wakiwemo akina mama, walichota kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao.

Kabla ya hapo, wagonjwa hadi 30 kati ya 100 walikuwa wakifariki. Kati ya wagonjwa zaidi ya 3,000 waliotibiwa kwa utaratibu huu, waliofariki walikuwa chini ya 4 kati ya 100. Wale waliozidiwa sana bado walihitaji dripu kwanza, lakini wengi waliokolewa kwa kikombe kilichoshikwa na ndugu.

Baadaye Mahalanabis alifanya kazi na Shirika la Afya Duniani na kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuharisha nchini Bangladesh. Alifariki mwaka 2022.

Kwa nini chumvi na sukari?

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi nyingi, na upungufu huo ndio unaoweza kumuua. Hata utumbo ukiwa mgonjwa, sukari husaidia chumvi kupita kwenye ukuta wake na kuingia mwilini, na maji hufuata. Ndiyo maana vipimo lazima viwe sahihi.

ORS haikati kuharisha papo hapo. Usiiache kwa sababu choo bado ni laini. Kazi yake ni kurudisha maji yanayopotea.

Itumie hivi

- Osha mikono kwa sabuni. Tumia maji safi ya kunywa, au yaliyochemshwa yakapoa.
- Soma pakiti. Nyingi ni za lita 1, lakini zipo ndogo. Ukiweka maji pungufu, dawa inakuwa na chumvi nyingi na inaweza kumdhuru mtoto.
- Usiongeze sukari, soda wala maziwa.
- Kila anapoharisha, mpe aliye chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100, na mwenye miaka 2 au zaidi mililita 100 hadi 200.
- Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.
- Iliyobaki baada ya saa 24 imwage, utengeneze nyingine.
- Endelea kumnyonyesha, na kama ameshaanza kula, mpe chakula.
- Mpe zinki kila siku kama ulivyoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma.

Huna pakiti? Changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sawazisha vijiko, visiwe na kilima. Mchanganyiko huu ni wa kuanzia tu. Tafuta ORS mapema.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa:

- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu
- amelegea, haamki kwa urahisi, au amepata degedege
- macho yamedidimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole
- choo kina damu
- ana homa kali
- ana umri wa chini ya miezi 2

Endelea kumpa ORS njiani ikiwa anaweza kunywa.

Usisubiri mtoto alegee ndipo uanze. Weka pakiti mbili nyumbani, na anza kumpa mara tu anapoanza kuharisha.