Somo la Kwanza la Urubani wa Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta na achague safari fupi: kutoka Bukoba kuelekea kusini hadi Muleba, Ziwa Viktoria likiwa kushoto kwake. Kosa la wengi ni kuinua mno pua ya ndege ili ipande. Bawa likikabili hewa kwa pembe inayozidi nyuzi 15 hivi, hewa huacha kuambaa na mgongo wake, nguvu ya kuinua hupungua ghafla, na ndege huporomoka. Dawa yake ni kushusha pua kwanza, kisha kuongeza nguvu ya injini.

Mchezoni aliyeanguka huanza upya. Angani sivyo: tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani, na watu 19 kati ya 43 wakafariki.