Kuuza vitabu vya mitumba mtandaoni: nilivyokula hasara nikidhani napata faida

Kuna watu wananiuliza kila siku ishu ya vitabu. Mnaniona napiga picha vitabu vilivyotumika, naviweka mtandaoni, watu wananunua, basi mnadhani mshiko unamwagika tu. Leo nafunguka yote, hasara zikiwemo, ili anayetaka kuingia asiingie kichwa kichwa.

Nilimaliza form four, matokeo hayakunipeleka form five, na hela ya chuo nyumbani hakuna. Mama alipopokea mchezo wake akanipa elfu arobaini. Akasema, "Hii ukiila, hakuna nyingine." Nikaenda mjini kwa wauza vitabu vya mitumba, nikapatana mpaka nikapewa vitabu 20 kwa sh. 30,000. Yaani kila kimoja sh. 1,500. Nikavitangaza sh. 3,000 kila kimoja. Kichwani nikajua faida ni mara mbili, mchezo umeisha.

Haukuisha. Nauli na kubeba mzigo ilikula sh. 4,000. Bando sh. 3,000. Nailoni ya kufunikia na gundi ya kurudishia majalada sh. 3,000. Hapo elfu 40 ya mama imekwisha yote, kwa hiyo kila kitabu kilinigharimu sh. 2,000, siyo 1,500. Mwezi mzima niliuza vitabu 12, nikapata sh. 36,000. Na wateja wawili niliwapelekea kwa bodaboda kwa hela yangu, sh. 3,000 kila mmoja. Piga hesabu: nimetoa 46,000, nimepata 36,000. Hasara elfu kumi, na vitabu 8 viko chini ya kitanda vinaniangalia.

Kosa langu lilikuwa kugawa gharama kwa vitabu vyote wakati si vyote vinauzika. Siku hizi najiuliza: katika vitabu 20, vingapi vitatoka ndani ya mwezi? Kwangu ni kama 12. Basi elfu 40 naigawa kwa 12, napata kama sh. 3,350. Hiyo ndiyo bei ya kutopata hasara. Nikiuza kwa wastani wa sh. 5,000, vitabu 12 vinaleta 60,000, faida elfu 20. Vile 8 vilivyobaki hata nikivitoa kwa buku mbili mbili, napata 16,000 nyingine. Usafiri analipa mnunuzi, tunakubaliana kabla boda hajawasha pikipiki.

Nimesema wastani kwa sababu bei haiwezi kuwa moja. Mimi natenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitabu vya shule na kamusi. Hivi vinatoka haraka, hasa shule zikifunguliwa, lakini faida yake ni ndogo kwa sababu kila muuzaji anavyo. Halafu angalia mtaala. Tanzania ilianza mitaala mipya Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na mabadiliko yanapanda mwaka hadi mwaka. Ukijaza stoo vitabu vya silabasi inayoondoka, utafungia maandazi.

Fungu la pili ni riwaya na vitabu vya biashara. Hapa hali ya kitabu ndiyo bei. Piga picha jalada, mgongo, na ukurasa uliochanika. Ndiyo, uliochanika! Mteja akijua mapema ananunua kwa amani. Akigundua kwake, anarudisha, na nauli inakuwa yako.

Fungu la tatu ni vitabu adimu, na hapa niliumia. Niliwahi kumuuzia mzee mmoja kitabu cha Walter Rodney, *How Europe Underdeveloped Africa*, kwa sh. 4,000. Alipokwisha kulipa akaniuliza, "Mwanangu, ulifungua ukurasa wa hakimiliki?" Sikuwa nimefungua. Akanionyesha: Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, 1972. Toleo la kwanza, lililotoka kwa pamoja na wachapishaji wa London. Watu wanaokusanya vitabu wanalitafuta hilo, siyo machapisho ya baadaye. Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili. Kitabu akaondoka nacho, biashara ni biashara.

Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, fungua kurasa za mwanzo uone mwaka na mchapishaji. Kisha tafuta namba ya ISBN, ambayo kwa vitabu vya kisasa huwa nyuma, kwenye mistari ya bakodi. Tangu 2007 ina tarakimu 13, kabla ya hapo zilikuwa 10. Ukitafuta kwa namba hiyo badala ya jina, unapata toleo lako hasa. Na usitishike na bei wanayotaka wauzaji, angalia bei iliyolipwa. eBay ina sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa. Mtu anaweza kutaka dola 200 miaka mitano na asimpate wa kumpa.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, mzigo usitoke kwa sababu ya meseji ya malipo. Meseji inatungwa na yeyote. Angalia salio lako mwenyewe.

Pili, siyo kila faida ni yako. Kuuza PDF au kopi ya kitabu cha mtu bila ruhusa ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Na mihuri je? Kwenye mzigo wangu wa pili nilikuta vitabu vitatu vya kemia vina mhuri wa maktaba ya shule. Muuzaji akaniambia, "Dogo, chana huo ukurasa, maisha yaendelee." Ni vitabu vinavyotoka haraka, na nilikuwa bado namdai mtaji wa mama. Lakini mimi nilisoma kemia tukiwa watano kwenye kitabu kimoja, anayekaa pembeni anasoma nusu ya sentensi. Nikavirudisha shuleni. Sh. 4,500 ilikwenda, na sasa kabla ya kulipa nafungua kila kitabu.

Elfu arobaini ya mama ilirudi mwezi wa nne. Aliihesabu mara mbili, akaifunga kwenye khanga.

Wewe uliyejaribu biashara hii, bei unapangaje? Tupia hapo chini tujifunze wote.